Kabla ya kununua mkanda wa mkononi, itazame soketi yako

Ingia nyumba yoyote ya kupanga mjini, kisha utupe jicho kwenye soketi ya sebuleni. Mara nyingi utakuta kalamu imesimama kwenye tundu la juu. Kama si kalamu ni kijiti, au mpini wa kijiko cha plastiki, kimechomekwa hapo ili vifuniko vya matundu mawili ya chini vifunguke na chaja ya miguu miwili ipite. Mtoto wa darasa la nne anaijua mbinu hiyo kuliko anavyolijua jedwali la saba. Tundu lile la juu ni la waya wa ardhini, ule ambao mafundi wetu huuita ethi, ila kwa wengi wetu kazi yake imebaki moja tu: kuchokonolewa.

Katika nyumba hizo hizo limezuka jambo jipya linalonifurahisha. Vijana wanajiundia kompyuta. Hawaendi tena kununua iliyokamilika. Kasha wanalipata kwa huyu, madabodi kwa yule, ramu mbili za mtumba zilizopitia Dubai, kadi ya picha ya rafiki aliyepata mpya, kisha wanajifungia chumbani Jumamosi nzima na bisibisi. Mmoja anataka kuhariri video za harusi, mwingine kuchora ramani za nyumba, na mwingine, tuseme ukweli, anataka kucheza gemu. Wote wana hofu moja waliyoipata YouTube: umeme tuli. Wanaulizana mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme huo unapatikana wapi Kariakoo au Luthuli Avenue, na kama ule wa bei ya chini ni wa kweli.

Swali zuri, ila limeanzia katikati. Msimamo wangu ni huu: umeme tuli unaua vifaa na kujikinga nao ni lazima, lakini sehemu kubwa ya ushauri tunaopewa juu yake ilitungwa kwa ajili ya nyumba zenye ethi inayofanya kazi. Kwetu, mwenye nyumba alijenga bila waya huo, au aliuweka ukaibwa, au upo lakini mpangaji ameukata mguu wa tatu wa plagi kwa kisu ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Kijana anayefuata ushauri ule neno kwa neno katika nyumba ya namna hiyo anaweza kuinusuru ramu na kujiponza mwenyewe. Au akakosa vyote viwili.

Cheche usiyoisikia

Vitu viwili vikigusana na kuachana, kimoja hubaki na chaji za ziada na kingine hupungukiwa. Soksi na zulia, sweta na ngozi, kitana na nywele, suruali na kiti cha plastiki. Kwenye vitu vinavyopitisha umeme chaji hizo hutawanyika papo hapo. Kwenye plastiki, nailoni na poliesta hukaa zikingoja njia, na njia ikipatikana zinaruka. Ile milio unayoisikia unapovua sweta gizani, pamoja na vimulimuli vya buluu ndani ya blanketi la manyoya, ndiyo hiyo.

Kidole cha binadamu huanza kuusikia mruko huo unapofika takriban volti 3,000. Chini ya hapo husikii kitu. Chipu inaweza kudhurika kwa volti mia kadhaa, na baadhi ya vijenzi kwa chini ya mia moja. Sababu ni kwamba ndani ya transista za kisasa kuna utando wa kuhami ambao unene wake ni nanomita chache tu, ilhali unywele wako mmoja una nanomita zipatazo 80,000. Utando huo ukitoboka hauzibiki. Kwa hiyo fundi anayejisifu kwamba ameshika ramu miaka yote na hajawahi kupigwa anatoa ushahidi wa kidole chake. Kilichoipata ramu hakijui.

Tena si kila iliyopigwa hufa pale pale. Nyingine hujeruhiwa tu: inawaka, inapita majaribio yote, kisha baada ya muda kompyuta inaanza kuganda katikati ya kazi bila sababu ya kueleweka. Bandu bandu huisha gogo. Wahandisi wenyewe wanabishana jambo hili hutokea kwa kiasi gani, nami sitamtisha mtu nalo. Shida yake ni kwamba likitokea nyumbani hakuna anayelitambua. Mama atasema ni virusi. Fundi atasema ni Windows, atalipwa kuiweka upya, na wiki inayofuata kompyuta inaganda tena. Nani katika mnyororo huo atakumbuka siku ile ramu ilipopakatwa juu ya blanketi?

Hapa najua nitakatizwa. Vijana watanitajia video za ng'ambo ambamo watu wanairushia ramu cheche makusudi na bado inafanya kazi. Ni kweli. Chipu za leo zimewekewa vilinzi kwenye miguu yake, na kijenzi kilichokwisha kupachikwa kwenye madabodi kina usalama kuliko kilicho mkononi. Ndiyo maana wengi hujenga kizembe na kompyuta inawaka. Lakini mwenye video ile ana ramu nyingine kwenye droo, na ya tatu ametumiwa bure aifanyie tangazo. Kijana aliyenunua yake kwa fedha za upatu za mama yake hana droo hiyo.

Dar si Dodoma

Hewa ndiyo inayoamua mengi. Unyevu ukiwa mwingi, ngozi nyembamba ya maji hutanda juu ya kila kitu na chaji hupata pa kutorokea taratibu. Katika jedwali linalonukuliwa sana na watu wa fani hii, mtu anayetembea juu ya zulia kwenye hewa kavu kabisa anaweza kujikusanyia volti 35,000. Mtu huyo huyo juu ya zulia hilo hilo, unyevu wa hewa ukiwa asilimia 65 na kuendelea, anaishia kama 1,500.

Anayeishi Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ambako shati linagandana na mgongo kabla ya saa nne asubuhi, amepewa kinga ya bure. Hofu yake ipungue, ila asibweteke: volti 1,500 bado ni nyingi kwa chipu, na akishinda na kiyoyozi, hewa ya chumba chake hukauka. Bara ni habari nyingine. Dodoma na Singida tangu Juni mpaka mvua zinyeshe, Nairobi adhuhuri ya Januari na Februari: midomo inapasuka, mlango wa gari unakushtua, na ukivuta shuka usiku chumba kinamulika. Huko hadithi ya umeme tuli si ya Wazungu.

Halafu kuna mavazi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hawakuwa wameiona jezi. Jezi ya timu, iwe ya Msimbazi au ya Jangwani, ni poliesta. Suruali ya mazoezi ni poliesta. Blanketi ambalo kijana ametandika madabodi juu yake, akidhani anaibembeleza, ni poliesta tupu. Wanajipiga picha kwa fahari wakiwa kazini: kasha limelazwa kitandani, vijenzi vimetandazwa juu ya manyoya, mjenzi ana jezi na soksi za nailoni. Angetaka kuviua kwa makusudi angefanya nini zaidi?

Dawa ipo humo humo nyumbani. Fulana ya pamba, meza ya mbao, sakafu ya saruji, miguu mitupu. Saruji hupitisha chaji kidogo kidogo, na mtu aliyesimama peku juu yake hajikusanyii kitu cha kutisha. Sakafu za nyumba zetu za kawaida, zile tunazozionea aibu mbele ya wageni hadi tunazifunika kwa zulia la nailoni au mkeka wa plastiki, ni bora kwa kazi hii kuliko sebule nyingi za kifahari. Kunja mkeka, sukuma kando, fanya kazi yako. Ila miguu mitupu ina sharti moja zito, na hapo ndipo tunarudi kwenye soketi.

Ushauri uliosafiri bila ethi

Video nyingi zinafundisha hivi: funga pawa saplai kwenye kasha, chomeka waya wake ukutani, zima swichi yake ya nyuma, kisha uguse chuma cha kasha kila baada ya muda. Huko zinakotoka, chuma cha kasha kimeungwa na ardhi kupitia mguu wa tatu wa plagi. Ukigusa, chaji zako zinashuka ardhini, mchezo umekwisha.

Sasa njoo kwetu. Ndani ya pawa saplai mna kapasita ndogo, moja kati ya waya wa moto na chuma, nyingine kati ya waya wa nyutro na chuma. Kazi yake ni kuchuja kelele za umeme, na aliyezibuni alitegemea ethi iwepo. Isipokuwepo, chuma cha kasha hubaki kinaelea katikati, kwenye nusu ya umeme wa ukutani: kama volti 115 kwa umeme wa volti 230. Mkondo wake ni mdogo, kwa kawaida haufiki hata miliampia moja, na ndiyo maana watu husema huku wanacheka kwamba "kompyuta yangu inang'ata". Pitisha mgongo wa kidole juu ya kasha, utasikia ngozi inakwaruzwa na kutetemeka. Fundi akiligusa kwa testa, kitaa cha testa kinawaka, kwenye kasha lenyewe, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na umeme wowote. Wakati mwingine kinawaka hata swichi ya nyuma ikiwa imezimwa.

Tumezoea. Tunaichukulia kuwa ni tabia ya kompyuta, wengine wanavaa kandambili kabla ya kuiwasha na maisha yanaendelea.

Hebu mfikirie kijana wetu wa Dodoma, Septemba, hewa kavu. Ametii: amevua soksi, amesimama kwenye saruji, amechomeka waya ukutani kama video ilivyosema. Mkono mmoja ameshika ramu, mwingine anaupeleka kwenye chuma ili "ajisafishe". Chuma kinaweza kuwa na volti 115 za umeme wa TANESCO. Kile alichokiita kinga ndicho sasa kinamsukumia umeme, na ramu ipo njiani. Hiyo bado ni afadhali. Uhami wa ndani ukiwa umechakaa, jambo la kawaida kwa pawa saplai ya mtumba, chuma kinaweza kubeba volti zote 230, na bila ethi hakuna kinachoifanya fyuzi ikate. Njia pekee ya kwenda ardhini ni yeye, peku juu ya saruji. Hapo hatuzungumzii tena ramu.

Sharti lenyewe basi ni hili: waya wa umeme ukiwa umechomekwa katika nyumba usiyoijua ethi yake, hakuna miguu mitupu na hakuna mkono ndani ya kasha.

Je, asiye na ethi asijenge? Ajenge, tena kwa usalama kamili, kwa sababu kuna jambo ambalo ni nadra kuelezwa wazi. Wakati wa kuunganisha, kompyuta haihitaji ardhi. Chipu haijali wewe una volti ngapi ukilinganishwa na udongo wa nje. Inajali tofauti iliyopo kati yako, yenyewe na mahali inapopachikwa. Mkiwa sawa wote watatu, hakuna kinachoruka.

Kwa hiyo chomoa waya kabisa, uweke mbali. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili akiba iliyobaki kwenye kapasita imwagike. Tafuta chuma cha kasha kisichopakwa rangi, ukishike. Kijenzi kikiwa bado ndani ya mfuko wake, gusisha mfuko huo kwenye kasha kabla ya kuufungua. Shika ramu na madabodi kwa kingo, mbali na meno ya dhahabu, na mkono wako wa pili ubaki umeegemea kasha muda wote. Ukilazimika kwenda msalani au kupokea simu, ukirudi anza tena kwa kushika chuma. Hapo ndipo wengi husahau, kwa kuwa wanaporudi wamekwisha kutembea juu ya zulia la sebuleni. Mtu mwenye nidhamu hiyo na fulana ya pamba hahitaji mkanda.

Ukiwa nao mkanda, bana kibanio chake kwenye chuma hicho hicho cha kasha. Usikibane kwenye nondo ya dirisha wala bomba la maji, na usithubutu kukipeleka kwenye soketi. Mkanda halali una kinzani ya megaomu 1 ndani yake, ili hata ikitokea ukagusa volti 230 kwa bahati mbaya, mkondo utakaopita kwenye mkanda uwe robo ya miliampia, pungufu kidogo. Wale wa "mimi najitengenezea kwa waya wa spika" wasikie vizuri: waya wa spika hauna kinzani hiyo. Unakufunga moja kwa moja na chochote kitakachotokea upande wa pili. Kuna pia mikanda inayouzwa kwa sifa kwamba haina waya kabisa. Hiyo ni bangili.

Jambo moja zaidi kabla sijatoka hapa, maana limeua matundu mengi ya HDMI kuliko umeme tuli wa soksi, ninavyoamini. Kompyuta isiyo na ethi inaelea kwenye volti zake. Televisheni iliyoungwa na kisimbuzi, ambacho nacho kimeungwa na dishi lililofungwa kwenye bomba la chuma uani, iko kwenye volti nyingine. Ukiziunganisha zote zikiwa zinawaka, unaona kacheche kadogo kwenye ncha ya kebo. Kacheche hako kamepita ndani ya kadi ya picha. Unganisha kebo kwanza, umeme baadaye.

Selotepu ya muuzaji

Hata ukifanya yote hayo, kijenzi chako kimepita mikono mingapi kabla hakijakufikia? Simama kaunta ya duka la vipuri uangalie. Ramu zimerundikwa kwenye kopo la plastiki. Kijana wa duka anachambua kwa vidole, anaipata ya gigabaiti 8, anaifuta meno yake kwa pindo la jezi, anaitazama kwenye mwanga, kisha anavuta selotepu, kraaa, anaizungushia mara mbili. Kuvuta selotepu kutoka kwenye rola yake kunaweza kuzalisha maelfu ya volti, na ameifanya kazi hiyo sentimita chache kutoka kwenye chipu. Mfuko wa rangi ya fedha ulioletwa nayo ulitupwa siku boksi lilipofunguliwa.

Mteja akirudi, mazungumzo yake ni haya.

"Boss, ile ramu imegoma."

"Uliishikaje, mdogo wangu? Ulivaa mkanda?"

"Hapana, kaka."

"Basi umeme tuli huo. Umeiua mwenyewe."

Kesi imekwisha. Kwenye risiti kuna mhuri wa bidhaa ikishanunuliwa hairudi, na kijana anaondoka akiwa amebeba kosa ambalo hakuna anayeweza kulithibitisha wala kulikanusha. Nalisema bila kumung'unya maneno: muuzaji aliyekabidhi kijenzi uchi, kikiwa kimefungwa selotepu, hana haki ya kuutaja umeme tuli kwa mnunuzi. Akitaka kuutumia kama hoja, auheshimu kwanza yeye kaunta. Na mnunuzi adai mambo mawili kabla hajatoa fedha. Kijenzi kiwashwe mbele yake, na kiwekwe kwenye mfuko wa fedha, ule unaong'aa, ambao una utando wa metali wa kuzuia cheche ya nje. Mfuko wa waridi nao unafaa kwa kiasi: haujikusanyii chaji, ila hauzuii cheche.

Mifuko mbadala tuliyoizoea Tanzania tangu ile ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 isikudanganye kwa sura yake ya kitambaa. Ni polipropilini, plastiki ile ile kwa umbo jingine. Ukikosa mfuko wa fedha kabisa, funga kwa gazeti. Wala simpigii debe mhariri wangu. Karatasi haijikusanyii chaji kwa kiwango cha plastiki, na ukurasa wa matangazo ya minada unatosha madabodi nzima. Nyumbani nako, ukitaka kuijaribu madabodi nje ya kasha, iweke juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Vijana wengi huiweka juu ya mfuko wa fedha na kuiwasha hapo, bila kujua kwamba utando ule ule wa metali unaweza kupitisha umeme kati ya miguu iliyo chini ya bodi.

Nani alipie ethi?

Nyuma ya haya yote kuna fimbo moja ya chuma iliyovikwa shaba, urefu wa mita moja na ushee, iliyopigiliwa ardhini nyuma ya nyumba, na waya wa kijani na manjano unaotoka hapo mpaka kwenye soketi. Bei ya fimbo, waya na siku moja ya fundi kwa kawaida haifiki bei ya madabodi mpya. Mbona basi haipo? Kwa sababu haionekani. Mwenye nyumba anaongeza marumaru, anabadilisha geti, anapaka rangi ya ukuta wa mbele, kwa kuwa hivyo ndivyo mpangaji anavyoviona siku ya kwanza. Wapangaji nasi hatuulizi. Tunauliza kama maji yanatoka na kama mita ya LUKU ni ya peke yetu.

Na si kompyuta peke yake inayoihitaji. Friji linalokushtua ukiwa na mikono yenye maji linalia kilio hicho hicho. Pasi nayo. Shawa ya umeme, ile ya kuchemsha maji papo hapo bafuni, ambayo watu wanaifungua kwa kuzungushia kitambaa kwenye koki, ndiyo inayonitisha kuliko zote. Vile vilinzi vya umeme tunavyonunua kwa ajili ya friji na televisheni navyo hulegea bila ethi, maana sehemu ya umeme unaozidi inatakiwa kumwagwa huko. Kijana anayejenga kompyuta amekuwa wa kwanza nyumbani kuijua habari hii. Wazee wasimpuuze kwa kuwa ilianzia kwenye gemu.

Kuipima ethi si kazi ya kubahatisha. Mita ya kawaida inaweza kukuonyesha volti 230 kati ya waya wa moto na ethi, ukafurahi, kumbe fimbo imeoza na haiwezi kubeba mkondo wa maana. Fundi anayejua ana kifaa chake cha kupima ukinzani wa ardhi, na Tanzania fundi wa nyaya za majumbani anatakiwa awe na leseni ya EWURA, Kenya ya EPRA. Mwombe aionyeshe. Mjulishe pia kwamba unataka kipimo kifanywe kiangazi, kwa kuwa udongo ukikauka ethi hudhoofika, na ni kiangazi hicho hicho umeme tuli unapochachamaa. Mafundi wa zamani walizungushia fimbo mkaa na chumvi na kuimwagia maji mara kwa mara. Inasaidia, ingawa chumvi huila fimbo taratibu. Kuipigilia pale maji ya bafuni yanapomwagikia ni akili zaidi. Na waya wake upitishwe ndani ya bomba, ufukiwe, kwa sababu wanunuzi wa chuma chakavu hawaulizi shaba imetoka wapi.

Kwa mpangaji, ugumu ni mwenye nyumba. Usimwendee katikati ya mwezi ukiwa peke yako na hoja ya kompyuta. Atakwambia hakukupangishia karakana. Mwendeeni wapangaji wote, siku ya kodi, hasa kama anataka ya miezi sita kwa mkupuo. "Mama, shikamoo. Kodi tumekuja nayo. Ila shawa inapiga watoto, na fundi amesema ni ethi." Taja shawa, usitaje ramu. Pendekezeni mlipe nyinyi fundi na gharama ikatwe kwenye kodi, iandikwe kwenye mkataba, na fundi aache karatasi yenye kipimo alichokipata. Wengi hukubali, kwa kuwa hawajawahi kuambiwa ni kitu gani. Akikataa, endelea kujenga kwa waya uliochomolewa kama nilivyoeleza, na kompyuta ikishaanza kuwaka, ivalie kandambili mpaka mwezi utakaohama.